Haki ya kunyamaza polisi: ile ya kwenye sinema na hii ya kwetu

Kama umekulia Dar es Salaam, huenda haki ya kunyamaza uliijua kwanza kwenye kibanda umiza. Askari wa Marekani anamlaza mtu juu ya boneti, anamfunga pingu, huku akimsomea maneno harakaharaka kama kondakta anayetaja vituo: una haki ya kunyamaza, chochote utakachosema kinaweza kutumika dhidi yako mahakamani. Mtafsiri wa sinema anaongeza chumvi yake, kibanda kizima kinacheka. Miaka inapita, siku moja defenda inasimama mtaani kwenu, jirani anapandishwa, na hakuna anayemsomea chochote.

Hapo kijiwe cha kahawa kinageuka mahakama. Mmoja anasema kesi hiyo imeshakufa, kwa sababu jamaa hakusomewa haki zake. Wa pili anasema hizo ni haki za Wazungu, hapa ukinyamaza utakiona cha moto. Wa tatu, mara nyingi ni mzee wa heshima zake, anafunga mjadala: asiye na kosa anasema, anayenyamaza kakubali. Wote watatu wamekosea, ingawa kila mmoja kashika kipande cha ukweli.

Tuanze na maneno, maana nusu ya mkanganyiko iko humo. Mtuhumiwa ni mtu anayeshukiwa lakini bado hajafikishwa mahakamani. Akishasomewa mashtaka anaitwa mshtakiwa. Ishike tofauti hiyo, kwa sababu kimya cha mtuhumiwa kituoni na kimya cha mshtakiwa kizimbani havina uzito mmoja. Kuwa chini ya ulinzi nako si lazima uwe na pingu mikononi au uwe umelala mahabusu. Ukiwa na askari kwa ajili ya upelelezi, na ukisema "haya, mimi naondoka" hatakuruhusu, basi uko chini ya ulinzi, hata kama mmekaa kwenye benchi na alikuita kwa upole: "Njoo kituoni mara moja tuongee."

Neno linalopotosha kuliko yote ni onyo. Kazini, onyo ni karipio: umechelewa mara tatu, umepewa barua. Kituoni, onyo ni tahadhari ambayo askari anatakiwa kukupa kabla ya kukuhoji, kwamba hulazimiki kujibu maswali yake. Karatasi inayotokana na mahojiano hayo inaitwa maelezo ya onyo. Niliwahi kumsikia mama mmoja nje ya Mahakama ya Kisutu akimtuliza mdogo wake kwa simu, kwamba kijana wao "kachukuliwa maelezo ya onyo tu". Alidhani mtoto kaonywa na mambo yameisha. Kumbe karatasi hiyo ndiyo huwa uti wa mgongo wa kesi nyingi za jinai.

Sheria yenyewe inasema nini

Kwa Tanzania Bara, haki hii imo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ya mwaka 1985. Vifungu nitavitaja kwa namba zilizozoeleka mahakamani kwa miaka mingi. Kifungu cha 53 kinamkataza askari kumuuliza maswali ya upelelezi mtu aliye chini ya ulinzi kabla hajafanya mambo kadhaa. Amtajie jina lake na cheo chake. Amweleze, kwa lugha anayoimudu, kwamba yuko chini ya ulinzi na kwa kosa gani. Kisha ampe onyo: kwamba halazimiki kujibu swali lolote la polisi isipokuwa lile la jina na anwani yake, na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.

Katiba yetu haitaji kunyamaza kwa jina. Jirani zetu Kenya waliiandika haki hiyo wazi katika ibara ya 49 ya Katiba yao ya 2010. Sisi tunayo misingi yake: ibara ya 13(6) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia, na inakataza mtu kuteswa. Ukiitafakari hiyo misingi, haki ya kunyamaza inajitokeza yenyewe. Anayekutuhumu ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Akidai umemwibia kuku, ni juu yake kuonyesha manyoya. Wewe hulazimiki kumsaidia kuyatafuta.

Hilo ndilo linalomgomea yule mzee wa kijiweni, na sishangai. Kwetu kimya kina maana. Binti akiulizwa kama ameridhia posa akainamisha kichwa bila neno, wazee husema amekubali na sherehe zinapangwa. Mtoto akiulizwa nani kavunja chungu akakaa kimya, anachapwa yeye. Tumelelewa kusoma kimya kama jibu. Sheria ya jinai imekataa usomaji huo kwa mtu aliye mbele ya polisi. Nadhani ina busara, kwa sababu chumba cha mahojiano si barazani. Mtu anayehojiwa amechoka, ana njaa, anawaza watoto wake watapokelewa na nani shuleni, na anayeuliza ndiye huyohuyo mwenye ufunguo wa mlango. Maneno yanayotoka hapo yanahitaji kinga.

Mfano wa fundi simu

Tuseme wewe ni fundi simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mteja ameleta simu kioo kimepasuka, umemwandikia risiti, umeiweka mezani. Kesho yake wanakuja askari wawili wakiwa na mlalamikaji na RB, ile karatasi ya namba ya taarifa ya polisi, mkononi. Simu iliporwa juzi Buguruni. Unakamatwa.

Wakati wa kukukamata, askari anapaswa kukwambia unakamatwa kwa kosa gani. Wimbo wote wa haki si lazima uimbwe hapo barabarani, na hapa ndipo sinema inapotudanganya. Onyo linatakiwa kabla ya kuhojiwa, si lazima wakati wa pingu. Kwa hiyo ukipakiwa kwenye gari bila kusomewa chochote, kukamatwa kwako hakujawa batili kwa sababu hiyo pekee. Ila ukiwa njiani ukaanza kujieleza kwa woga, "Afande, hii simu nilihisi ina utata lakini njaa mbaya", maneno hayo umeshayatoa mwenyewe.

Umefika kituoni. Mpelelezi anajitambulisha, anakwambia kosa, anakupa onyo, anauliza: jina? Taja. Unakaa wapi? Taja. Haki ya kunyamaza inaishia kwenye mpaka huo, na anayegoma hata kutaja jina lake hana kifungu cha kujifichia. Swali la tatu ndilo mlango: "Hii simu umeipata wapi?" Kuanzia hapo unaweza kusema, bila jeuri na bila kupandisha sauti, "Afande, naomba kwanza niwasiliane na ndugu yangu. Kwa sasa sitajibu." Sheria hiyohiyo inampa askari ruhusa ya kukunyima mawasiliano na ndugu au rafiki iwapo ana sababu za msingi za kuamini kuwa itasaidia mwenzako kutoroka au ushahidi kupotea. Kwa wakili, ruhusa hiyo ya kukunyima haipo.

Je, unyamaze kweli? Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu wapo wanaoshauri kila mtu afunge mdomo kama kufuli. Kwa fundi wetu, huo unaweza kuwa ushauri mbaya. Mahakama zetu zina kanuni ya muda mrefu kuhusu mtu anayekutwa na mali iliyoibwa muda si mrefu uliopita: mali ikikutwa kwako, ikitambuliwa bila shaka kuwa ya mlalamikaji, ikiwa imeibwa karibuni na ndiyo iliyotajwa kwenye mashtaka, mahakama inaweza kuamini kuwa wewe ndiye mwizi au mpokeaji, isipokuwa utoe maelezo yanayoingia akilini. Wewe una maelezo hayo, na risiti unayo. Ukiyatoa siku ya kwanza, mpelelezi ana pa kuanzia kumtafuta mteja wako. Ukiyatoa kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja kizimbani, mwendesha mashtaka atauliza mbona hukuyasema kituoni, na hakimu anaweza kuyaona ni hadithi iliyotungwa baadaye. Kwa hiyo sheria imekupa uchaguzi, na uchaguzi unataka akili, au wakili.

Usichague kusema uongo. Kunyamaza ni haki yako, lakini kumpa mtumishi wa umma taarifa unayojua ni ya uongo kunaweza kuwa kosa jingine chini ya Kanuni ya Adhabu. Watu wengi wanaingia kituoni na tatizo moja wanatoka na mawili kwa sababu waliona aibu kukaa kimya, wakaona heri watunge.

Haki hii pia inalinda ulimi tu. Alama za vidole na picha za mtu aliye chini ya ulinzi zinaweza kuchukuliwa kwa mujibu wa sheria, na kusema "nina haki ya kunyamaza" hakuzuii kidole kuwekwa kwenye wino. Vivyo hivyo trafiki akikusimamisha Morocco akataka leseni: toa leseni. Hiyo si habari ya kunyamaza, ni sharti la kuendesha gari.

Karatasi

Miaka michache iliyopita niliibiwa begi kwenye daladala, nikaenda kituo kimoja cha polisi kutoa taarifa. Sikuwa mtuhumiwa, nilikuwa mlalamikaji. Askari wa zamu aliandika maelezo yangu kwa mkono, kurasa mbili, akanisogezea na kalamu: "Saini hapa, na hapa." Nikasaini. Baadaye niliporudi kuulizia, nikasomewa maelezo yangu mwenyewe, nikakuta nimesema nilipanda gari Mwenge. Nilipanda Makumbusho. Kosa dogo, lakini lilikuwa na saini yangu chini yake, na nilijiona mjinga.

Nalisimulia kwa sababu mabishano mengi kuhusu haki ya kunyamaza yanaishia mdomoni, wakati hatari iko kwenye karatasi. Mahojiano yako hayaendi mahakamani yakiwa sauti yako. Yanakwenda yakiwa mwandiko wa askari. Umesema "simu niliipokea kwa mteja", imeandikwa "nilipokea simu toka kwa jamaa". Hukusudia, naye pengine hakukusudia, lakini jamaa na mteja ni watu wawili tofauti mbele ya hakimu.

Sheria imeliona hilo. Mahojiano yanatakiwa kuandikwa yakionyesha saa yalipoanza, yalipokatishwa na yalipomalizika, pamoja na kwamba onyo lilitolewa. Baada ya hapo unapewa usome, au usomewe kama hujui kusoma, na unaulizwa kama kuna cha kusahihisha au kuongeza kabla ya kusaini. Unaweza pia kuandika maelezo yako kwa mkono wako. Ukichagua kunyamaza, karatasi bado inaandikwa: swali, kisha jibu "sitajibu". Huo nao ni ushahidi kwamba ulitumia haki yako na hukukiri chochote.

Kuna na muda. Kifungu cha 50 kinatoa saa nne za kuhoji, kuanzia ulipowekwa chini ya ulinzi. Saa nne hapa ni urefu wa muda, si ile saa nne ya kunywa chai. Ukikamatwa saa 3 asubuhi, muda wa kawaida unaishia saa 7 mchana. Muda wa kukusafirisha hadi kituoni hauhesabiwi, wala ule wa kumsubiri wakili au ndugu uliyeomba kuwasiliana naye. Askari anayesimamia upelelezi wa kosa hilo anaweza kuongeza hadi saa nane nyingine, na zaidi ya hapo ni lazima hakimu aombwe. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza halali yameshatupwa na Mahakama ya Rufani mara nyingi. Lakini usilichukulie kama bahati nasibu ya uhakika: kifungu cha 169 kinaipa mahakama nafasi ya kupima kama kupokea ushahidi uliopatikana kwa kukiuka taratibu kuna manufaa kwa haki kuliko madhara.

Na hata maelezo yakitupwa, kinachotupwa ni karatasi hiyo, si kesi. Hilo lilimkuta mwenye jina la zile haki za sinema, Ernesto Miranda wa Arizona. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hatia yake kwa sababu alikiri bila kuelezwa haki zake. Wengi hudhani alikwenda nyumbani. Alishtakiwa upya mwaka 1967, safari hii bila ule ukiri wake, akatiwa hatiani kwa ushahidi mwingine.

"Nitaenda kuyakana mahakamani"

Sentensi hii ni maarufu mahabusu. Mtu anasaini kila kitu ili atoke chumbani, akijipa moyo kuwa kwa hakimu atasema alilazimishwa. Wakati mwingine ni kweli alilazimishwa. Ila njia hiyo si nyepesi kama inavyosemwa.

Chini ya Sheria ya Ushahidi, ukiri uliotolewa kwa polisi kwa hiari unaweza kutumika dhidi ya aliyeutoa, na upande wa mashtaka ndio wenye jukumu la kuthibitisha hiari hiyo. Ukitaka kuupinga, wakati wake ni pale karatasi inapotolewa ipokelewe kama kielelezo. Ukisubiri mpaka zamu yako ya kujitetea, imeshasomwa kwa sauti na imeshaingia kwenye jalada. Ukipinga kwa wakati, mahakama inasimamisha kesi na kuichunguza hiyo karatasi peke yake.

Ndiyo ile "kesi ndogo ndani ya kesi kubwa" iliyoingia kwenye simu zetu mwaka 2021, katika kesi ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA, na wenzake watatu hapa Dar es Salaam. Watu waliuliza iweje kesi izae kesi. Ubishi ulikuwa maelezo ya onyo ya mmoja wa washtakiwa, ambayo mawakili wa utetezi walidai yalichukuliwa kwa mateso na nje ya muda. Jaji Mustapha Siyani alisikiliza mashahidi wa pande zote kuhusu maelezo hayo, kisha Oktoba mwaka huo akayapokea. Mashtaka yenyewe yaliondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka Machi 2022.

Ukiri uliokanwa haufi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Tuwamoi mwaka 1967, mahakama zetu huupokea kwa tahadhari kubwa na kwa kawaida hutafuta ushahidi mwingine wa kuuunga mkono, lakini zikiridhika kuwa ni kweli tupu zinaweza kumtia mtu hatiani kwa huo. Sehemu yenye nafuu zaidi ya kusema ukweli wako ni kwa mlinzi wa amani, kwa kawaida hakimu wa mahakama ya mwanzo, ambaye mtuhumiwa anayetaka kukiri huweza kupelekwa kwake. Huyo si polisi. Atakuuliza ulilala wapi, kama umetishwa au umeahidiwa kitu, na atakagua mwili wako kama una majeraha. Kama umepigwa, hapo ndipo pa kufunua shati.

Yule wa pili wa kijiweni, aliyesema ukinyamaza utakiona cha moto, alikuwa akizungumzia jambo hili, na siwezi kumwita mwongo. Malalamiko ya watu kupigwa vituoni si ya jana. Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake kwa Rais mwaka 2023 na kupendekeza mabadiliko makubwa ndani ya Jeshi la Polisi. Haki iliyoandikwa haimzuii mwenye rungu usiku. Kazi yake huja baadaye, mahakamani, na ndiyo sababu saa ya kukamatwa, jina la askari na jina la ndugu uliyempigia ni mambo ya kukariri hata ukiwa umechanganyikiwa.

Kizimbani mambo hugeuka

Upande wa mashtaka ukimaliza na mahakama ikaona una kesi ya kujibu, utaelezwa kuwa unaweza kujitetea, kuita mashahidi, au kukaa kimya. Hapa kimya bado ni haki, lakini kina bei: kifungu cha 231 kinairuhusu mahakama kukitafsiri kimya hicho dhidi yako, na kinawaruhusu hakimu na mwendesha mashtaka kukizungumzia. Mzee wetu wa kijiweni angefurahi. Ila hata hapo haina maana umekubali kosa. Kama ushahidi wa mashtaka una mashimo, kimya chako hakiyazibi.

Kwa wasomaji wa Zanzibar, Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya huko ni yake yenyewe, ya mwaka 2018, kwa hiyo namba za vifungu nilizotaja si za kubeba kwenda nazo kituo cha polisi cha Malindi.

Lile begi langu halikupatikana. Siku niliyorudi nikagundua kosa la Mwenge na Makumbusho, nilimwambia askari wa kaunta, nikitegemea kufokewa. "Ungesoma siku ile," alisema, lakini alitoa jalada. Nilisoma kurasa zote mbili polepole, foleni ikinung'unika nyuma yangu, nikakuta na tarehe imekosewa pia. Yakaandikwa maelezo ya nyongeza, mistari minne. Nikayasoma mara mbili kabla ya kusaini.